Mwaka wa Barua Kumi na Nne

Wiki mbili zilizopita tulimfanyia Mzee Kondo dua ya arobaini, pale pale nyumbani kwake Temeke, na mie nilikwenda kumalizia kazi yangu. Mimi ni Mnyamwezi, marehemu alikuwa Mzaramo, na kwa makabila yetu utani si hiari, msibani ndiyo kabisa. Siku ya mazishi nilijilaza mlangoni nikasema jeneza halitoki mpaka nipewe jogoo, maana Mzaramo huyu hajawahi kutoka nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, leo anaharakishwa kwenda wapi. Watoto wake walicheka huku wanalia, wakaniletea jogoo wa kweli, nikapisha. Basi siku ya arobaini, pilau lilipokwisha kuliwa, wajukuu wakanizunguka kwenye mkeka: Shangazi Kalunde, tuambie Babu alikuwaje. Nikawaambia alivyokuwa akiogopa mende, alivyoanguka kwenye mtaro na suti ya sikukuu, na mengine ya kuchekesha. Lile hasa nililotaka kulisema sikulisema, kwa sababu Bi Mwanaidi, mjane wake, alikuwa amekaa mbele yangu akinikodolea jicho. Wakati naaga akanishika mkono akasema, “Lile kaliandike. Ukilisema hapa utawaliza watu, na sie leo tumeshalia vya kutosha.” Kwa hiyo naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina miezi michache tu jijini, na nilikuwa nimepanga kwa Mzee Kondo chumba cha uani, karibu na jiko. Yeye alikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa mwaka wa kumi na tano. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza moja, benchi moja, feni isiyozunguka, na muhuri uliokaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na kidau cha wino. Mie nilikuwa karani. Hakuna aliyeniajiri. Siku ya tatu tangu nihamie aliniona naandika barua ya kwetu, akainama nyuma ya bega langu, akasema, “Kumbe Wanyamwezi mnajua kuandika,” nikamjibu, “Tulijifunza tukiwangojea Wazaramo mwamke,” na kuanzia hapo barua zote za mtaa nikaandika mimi. Huyu anataka kumwekea ndugu yake dhamana, huyu anapeleka mtoto shule, huyu anaoa na kwa mkwe wanataka kujua anaishi wapi. Mzee alikuwa akisikiliza, mie naandika, yeye anaupulizia muhuri pumzi ya moto, anaugandamiza kwa mikono miwili kama mtu anayekamua jipu, halafu anasema, “Nenda na amani.” Sijaona mtu aliyefurahia kazi yake kama yule. Mke wake mwenyewe alikuwa akimwita Mwenyekiti. “Mwenyekiti, maji ya kuoga tayari.” “Mwenyekiti, mihogo inapoa.” Nami kwa muda mrefu nilidhani ndilo jina lake la nyumbani.

Mihogo hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Bi Mwanaidi alikuwa akiipika kwa tui zito na kipande cha samaki wa kukaanga juu yake, nasi tukiila saa saba mchana chini ya dirisha la barabarani. Mzee alipenda kukaa hapo kwa sababu nje ya dirisha palikuwa na benchi la kinyozi, na watu waliokaa pale hawakujua kwamba ndani kuna mtu anatafuna taratibu ili asikie. Siku hiyo walikuwa wakizungumzia uchaguzi. Zimebaki wiki tano. Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Anjela, mama mmoja mstaafu aliyehamia mtaani miaka minne nyuma, mwembamba, na mwavuli mweusi hauachi hata siku ya mawingu. Mwanzoni Mzee alikuwa anamcheka. Yule mama alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na daftari, anauliza takataka zinatupwa wapi, mtaro umeziba tangu lini, anaandika, anashukuru, anaondoka. “Anafanya sensa,” Mzee alisema. Lakini mchana ule sauti ya nje ya dirisha ikasema, “Hebu fikiri, mtu kashindwa kulea timu ya watu kumi na mmoja, ataulea mtaa?” Wenzake wakacheka. Mzee Kondo aliacha kutafuna. Akasukuma sahani yake mbele akiwa hajagusa samaki, jambo ambalo Bi Mwanaidi alilisimulia kwa majirani wiki nzima.

Timu yenyewe iliitwa Kigingi. Mzee alikuwa mlezi wake, na msimu ule Kigingi ilikuwa inashika mkia kwenye mashindano ya mitaa. Imebaki mechi moja, dhidi ya Ng'ambo, yaani jirani zetu wa upande wa pili wa mtaro, watu ambao tulichota nao maji na kuzikana nao, lakini kwenye mpira hatukupeana hata salamu. Tukishinda tunabaki. Tukitoka sare au tukifungwa, tunashuka, na mwakani tunacheza na watoto wa madaraja ya chini kwenye uwanja wa mchanga usio na magoli. Jioni ile ile Mzee akamwita Shomari, mjumbe wake na rafiki yake wa siku zote, mtu mwenye akili nyingi ambazo zilihitaji kusimamiwa. “Timu ikishuka, na mie nashuka,” Mzee akamwambia. “Watu watapiga kura na hasira za mpira.” Shomari kwanza akashauri twende kwa mtaalamu Mkuranga. Mzee akakataa, si kwa dini, bali kwa kuwa msimu uliopita mtaalamu huyo huyo alitupaka dawa tukafungwa tano. Ndipo Shomari akasema, “Basi tuchukue mamluki.”

Mamluki ni wachezaji wa kuazima. Kila mtaa uliwachukua na kila mtaa uliapa haujawahi. Kanuni ilisema mchezaji awe mkazi wa mtaa, na ushahidi wa ukazi ni barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri. Sasa mwenyekiti na mlezi wa timu akiwa mtu mmoja, nani atamzuia? Jumatano Shomari alikwenda Pugu, Alhamisi akarudi na vijana kumi na wanne, warefu, wakimya, wamebeba viatu vyao mkononi. Walipangwa kwenye benchi la ofisini mmoja baada ya mwingine na mie nikaandika barua kumi na nne zinazofanana: nathibitisha kuwa mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu na ninamfahamu vizuri. Katikati ya barua ya sita Mzee alimtazama kijana aliyekuwa mbele yake akauliza, “Na wewe unaitwa nani vile?” Nikacheka mpaka nikadondosha wino. Kijana akasema anaitwa Festo, lakini wenzake wanamwita Chuma, ni kipa. Mzee akaupulizia muhuri. “Chuma,” akasema, “kuanzia leo umezaliwa hapa.”

Wakalazwa kwenye korido na ukumbini, na kwa siku mbili nyumba ile ikanuka dawa ya misuli. Bi Mwanaidi alipika sufuria ambalo kwa kawaida hutoka siku za Maulidi tu. Alilalamika kutwa, lakini nilimwona akiwaongezea maharage ya nazi bila kuombwa. Jumamosi tukaenda uwanjani. Tuliongoza bao moja tangu kipindi cha kwanza, na mpira ukaanza kuwa mzito, kila mtu anabutua nje, Shomari anaficha mipira kwenye kanga za kina mama. Dakika ya mwisho refa akatoa penalti. Ya Ng'ambo. Mzee Kondo alikuwa kwenye kiti cha wageni waalikwa, amevaa koti na kofia yake ya kiua. Alinyanyuka taratibu, akageuza kiti, akakaa ameupa uwanja mgongo. “Mnyamwezi,” akaniambia, “we niambie. Mie siwezi.” Nikamwambia wanaweka mpira. Nikamwambia Chuma anatema mate kwenye glovu. Nikamwambia mpigaji anakuja, anapiga. Kisha sikumwambia kitu kwa sababu Chuma alikuwa ameulalia mpira kama kuku anayeatamia, na nilikuwa nimeshavuka kamba nakimbia uwanjani nikiwa na kiatu kimoja. Mzee alijua matokeo kwa kuona jirani wa Ng'ambo aliyekuwa mbele yake akijishika kichwa.

Mtu wa kawaida angewarudisha vijana wale Pugu jioni hiyo na kumshukuru Mungu. Lakini ushindi ulimpanda Mzee kichwani. Watu walimbeba juu juu, na akiwa huko juu akatangaza, “Hawa ni watoto wangu! Hawa ni wakazi wa mtaa huu!” Jumatatu yake daftari la wapiga kura wa mtaa likafunguliwa, na Shomari akaja na akili nyingine: wana barua, wana muhuri, kwa nini wasijiandikishe? Kura kumi na nne mkononi, bila kampeni. Mzee alinitazama kana kwamba anasubiri nipinge. Mie nami nilikuwa bado natembea na furaha ya penalti ile, sikupinga kitu. Nikawapeleka mwenyewe kuandikishwa. Leo, mtu mzima, nimekaa kwenye meza yangu na wino wangu, najua kwamba hapo ndipo tulipojikaanga, na kwamba kilichotukaanga hakikuwa woga wa kushindwa, bali raha ya kushinda mara moja.

Siku tatu kabla ya kura, mchana, nilikuwa bombani nangoja ndoo ijae. Vijana sita wa Pugu, waliobaki kwetu wakingoja kura, walikuwa hapo wananawa miguu na kutaniana. Mwalimu Anjela akatokea kwenye kona na mwavuli wake. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Wote sita walisimama wima, mikono nyuma, wakaimba kwa sauti moja ya darasani, “Shi-ka-moo Mwa-li-mu.” “Marahaba,” akasema, akawapitia na macho mmoja mmoja. “Festo, bado unakula kucha?” Chuma, aliyemlaza chali mpigaji wa Ng'ambo, akaficha vidole. Kumbe Mwalimu Anjela alifundisha Pugu miaka ishirini kabla ya kustaafu na kuhamia kwetu, na wale vijana wote walipita mikononi mwake. “Mnafanya nini huku?” akawauliza. “Tumehamia, Mwalimu.” “Wote?” “Wote, Mwalimu.” Akawatazama kidogo, akacheka puani, akafunua mwavuli akaenda zake. Nikaacha ndoo imefurika nikakimbia kumwambia Bi Mwanaidi. Alikuwa uani anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe, akasema, “Usimwambie. Leo ndiyo siku ya kwanza kala vizuri tangu mwezi uandame.”

Tulishindwa kwa kura tisa. Nasema tulishindwa kwa sababu nilikuwa wakala wake, nilikuwa nimekaa kwenye dawati la kituo nikihesabu kwa vidole, na matokeo yalipobandikwa nilisoma mara tatu nikitumaini tarakimu itaona haya. Mzee alirudi nyumbani kwa miguu, akisalimia watu wote njiani, tena kwa majina, akafika akakaa chini ya dirisha lake bila kuvua kofia.

Asubuhi yake Chuma akaja peke yake. Akavua kandambili mlangoni. “Shikamoo Mzee. Nimekuja kuomba radhi,” akasema. “Tulikuwa na nia na wewe, haki ya Mungu. Lakini tulipofika pale tukamkuta Mwalimu amesimama kwenye mstari, katutazama. Yule mama katufundisha kusoma, Mzee. Ukiliona jina lake kwenye karatasi mkono unakwenda wenyewe.” Mzee akauliza ni wangapi. “Wote kumi na wanne.” Sikutegemea mtu yeyote aseme ukweli namna ile bila kubanwa. Bi Mwanaidi akamsukumia Chuma sahani ya vitumbua, akala viwili amesimama, akaaga.

Hapo Shomari akawaka. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mie nilikuwa nimeshaipiga: kura kumi na nne za wasio wakazi zikifutwa, Mzee anashinda kwa kura tano. Mwisho wa kupeleka malalamiko ni saa kumi jioni. “Tunaandika sasa hivi,” Shomari akasema. Mzee akamkumbusha kwamba barua za wale vijana zina muhuri wake; akisema si wakazi, anajishtaki, na mechi ya Ng'ambo nayo inafutwa, Kigingi inashuka. Ndipo Shomari akasema lile neno, taratibu, bila kunitazama. “Mpira utajijua. Ila wewe unaweza kutoka. Unasema karani ndiye aliyekosea.”

Kulikuwa na joto, nakumbuka, na feni ile isiyozunguka ilikuwa juu yetu. Nilingoja Mzee Kondo amtukane Shomari, amtimue, acheke. Kisha akasema, “Kalunde, chukua karatasi.” Hakuniita Mnyamwezi. Hakuniita mtani. Akaanza kutamka maneno, nami nikaandika, kwa mwandiko wangu ule ule mzuri uliompendeza: kwamba yeye, mwenyekiti kwa miaka kumi na mitano, anapinga matokeo, kwamba watu kumi na wanne waliopiga kura si wakazi, kwamba barua zao ziliandikwa na karani wake, mgeni kutoka Tabora, bila idhini yake, na muhuri karani huyo aliuchukua mwenyekiti akiwa hayupo. Roho iliniuma vibaya sana, sitaficha. Nilikuwa sina mtu mwingine katika jiji zima. Lakini niliandika kila neno, hata koma sikuruka, na nilipofika mwisho nikainua uso nikasema, “Mtani, hapa kwenye ‘mgeni kutoka Tabora’, niweke na jina kamili, au watanijua kwa kunusa?”

Hiyo ndiyo faida ya utani. Ningelia, angenibembeleza na bado angesaini. Ningemgombeza, angenijibu kama mzee anavyojibu binti. Lakini mtani akikuchoma huna pa kukimbilia. Niliona midomo yake ikicheza, nikadhani anataka kulia, kumbe kicheko kilikuwa kinamtoka kwa nguvu na yeye anakizuia. “Babu zako,” akasema, “walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani.” “Ndiyo,” nikasema, “na Wazaramo wakawapokea hivi hivi.” Bi Mwanaidi, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika muda wote ule, akasema, “Mwenyekiti, chai.” Mzee akachukua karatasi, akaisoma yote kwa sauti ya chini, akafika pale kwenye karani, akaacha kusoma. Akaichana mara mbili. “Shomari,” akasema, “nenda kanywe chai kwako.”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimefanya kazi kwenye ofisi zenye mazulia. Nimeona wakubwa wenye vyeo mara kumi ya cheo cha Mzee Kondo wakifika mahali pale pale, saa za mwisho, maji yamewafika shingoni, na sentensi ile ile ya karani iko mbele yao. Wengi walisaini. Wala sisemi walikuwa watu wabaya. Mzee Kondo naye aliitamka yote, tena kwa utaratibu, na mpaka anaingia kaburini hakuniomba radhi hata siku moja. Namkumbuka kwa vyote viwili.

Saa tisa alivaa koti lake, akachukua kopo la biskuti, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu Anjela. Alikuwa barazani anamenya nazi. Mzee akamkabidhi muhuri kwa mikono miwili, akamwonyesha jinsi ya kuupulizia, akasema wino unapatikana duka la kona. Kisha akamwambia ukweli wa barua kumi na nne, wote, na kwamba aliyeagiza ni yeye. Mwalimu alifuta mikono kwenye kanga. “Nilijua tangu bombani,” akasema. “Na sikusema, kwa hiyo na mie nimepita kwa kura za Pugu. Tusichimbuane, Mzee Kondo. Ila huyu karani namtaka.” Mzee akanitazama, akamwambia, “Mchukue, lakini chakula anakula kwangu.”

Msimu mpya ukaanza. Vijana walikuwa wamesharudi kwao, na Kigingi ikaingia uwanjani na wenyewe wa mtaani, vitambi na vyote. Mwalimu Anjela alikuwa kwenye kiti cha wageni waalikwa, chini ya mwavuli. Mzee Kondo nilimtafuta nisimwone, nikaingiwa na wasiwasi, mpaka niliposikia sauti kutoka nyuma ya goli, sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ikimwambia refa mambo kuhusu macho yake, filimbi yake, na mwalimu wake wa hesabu. Alikuwa kwenye mchanga pamoja na wauza kahawa, amevua shati, kalifunga kiunoni. Refa akasimamisha mpira akamfuata kwa heshima. “Mwenyekiti, tafadhali.” Mzee akanyoosha kidole kwenye mwavuli. “Mwenyekiti yule pale, kamshtakie. Mie mshabiki. Ile ilikuwa faulo!”

Tulifungwa nne kwa sifuri. Alirudi nyumbani hana sauti kabisa, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamuomba Bi Mwanaidi chakula kwa ishara, akala sahani mbili za wali na samaki, akalala kwenye mkeka pale pale ukumbini akikoroma. Bi Mwanaidi akakaa karibu yake, akawa anamfukuza nzi kwa ncha ya kanga. Nilipopita na vyombo kwenda uani akaniita kwa mkono nisogee.

“Miaka kumi na mitano nimeishi na Mwenyekiti,” akaninong'oneza. “Leo Kondo karudi. Fungua mlango huo taratibu, usimwamshe.”